Bunge la Vyumba Vitatu

Benchi letu la Hanover Park liko nje ya duka la Anti Doria, anayetumiminia kahawa huku akitusema. Siku ile ya uchaguzi wa mwaka themanini na nne barabara ilikuwa tupu. Serikali ya makaburu ilituambia sisi machotara tumepewa bunge letu, nasi mtaa mzima tukakubaliana: hapigi mtu kura. Mara Oom Apollis, mjomba wa mtaa mzima, akatokea kavaa suti, anangoja gari la mgombea limchukue. Nilitamani kumzaba kibao, mzee mzima yule.

— Oom, kuna msiba wapi? akauliza Spika, jina alilopewa kwa sababu ya domo lake.

— Mgombea kaniahidi nyumba. Yangu ya District Six Wazungu waliibomoa, sasa nalala sebuleni kwa mkwe wangu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba wanacho Wazungu, akadakia Boeta Galiem, fundi cherehani. Bunge lina vyumba vitatu: chao, chetu na cha Wahindi. Nasikia chetu hakina dirisha.

— Wala viti, akasema Spika. Mtasimama kama kwenye foleni ya kununua samaki. Mkikubali sheria yao, kengele inalia chumbani kwa Wazungu. Mkikataa, taa inazimwa.

— Na chai mnaletewa ikishapoa, msije mkazoea, akamalizia Galiem.

Tukacheka, Apollis kanuna. Gari likafika na bendera zake, dereva akamfungulia mlango.

Mama mmoja mweusi alikuwa mlangoni pa duka, Nozuko wa Nyanga, mtaa wa weusi, kaja mara ya kwanza kumuuzia Anti Doria kuku. Akamsogelea Apollis kwa adabu.

— Samahani, tata, baba yangu. Na mimi chumba changu ni kipi?

Weusi ndio wengi kuliko sisi sote, na hawakuwekewa hata kibaraza.

Apollis akamgeukia dereva.

— Mjibu mama.

— Panda twende, mzee, tunachelewa.

— Nimesema mjibu.

Dereva akarudi kwenye usukani, akawasha injini. Apollis akaufunga mlango wa gari, yeye akiwa nje.

— Kamwambie mgombea wako nitaendelea kulala sebuleni.

Gari likaondoka tupu. Wanawake wakatoka nje wakipiga sufuria kulizomea, nyumba kwa nyumba, mpaka likapinda kona. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.