Kisu cha Kwako, Kisu cha Ugenini

Mchana ule Doreen, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa amebanwa katikati ya benchi linalotazamana na mahakama ya mji wa Hull, Uingereza, chai mkononi. Kulia kwake alikaa Clifford, dereva wa basi wa zamani aliyebandikwa jina la Hakimu kwa kuwa hakosi kusikiliza kesi. Kushoto, Winnie, ambaye wote walimwita Redio kwa maneno yake mengi. Jaji alikuwa ametoka tu kumfunga maisha kijana aliyemuua mwenzake kwa kisu alichotoka nacho nyumbani, na kuamuru asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka ishirini na tatu.

— Hesabu nyepesi, alisema Hakimu. Kisu ukikibeba toka kwako, jaji anaanzia ishirini na tano. Ukikiokota hukohuko, kumi na tano. Halafu anapandisha, anashusha.

— Ndiyo maana wakasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, akadakia Redio.

— Huyu atakula uji wa jela! akajibu Hakimu.

— Je, kisu cha kumenyea viazi? aliuliza Doreen. Mkobani mwangu hakikosekani.

— Ulikuwa unakwenda wapi nacho? akauliza Hakimu.

— Kwa dada yangu.

— Basi ishirini na tano. Dada yako namjua!

Doreen alicheka hadi chai ikamwagikia sketi.

— Mnadanganyana, akasema Redio. Siri ni lile wigi la jaji. Limesukwa kwa manyoya ya farasi, yanawasha bwana! Kila jaji akijikuna, anaongeza mwaka mmoja.

— Mbona huyu kapunguziwa miwili? akauliza Doreen.

— Leo kalivaa jipya.

— Wigi gani! Ni umri, akasema Hakimu. Ana ishirini na moja tu. Ndiyo hivyo, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mama mmoja aliyesimama nyuma yao, koti limefungwa vifungo kombo, akasogea.

— Samahanini. Miaka ishirini na tatu ikiisha, ndiyo anatoka?

Hakimu aligeuka, akamtambua. Ndiye aliyekuwa akilia peke yake ndani ya mahakama.

— Hapana, mama. Ndipo anaruhusiwa kuomba kuachiwa. Ila siku za rumande zinahesabiwa.

— Nilimzaa nikiwa mtu mzima. Sasa nina sitini na tatu, na moyo mbovu. Atanikuta?

Redio ilizimika. Doreen, uso ukimwaka kwa aibu ya kile kicheko chake, aliinuka.

— Kaa hapa, mama. Anaitwa nani?

— Kieran.

Doreen akamfungulia vifungo vya koti, akaanza kuvifunga upya, kimoja kimoja.