Hajati Hamidah na Jua ya Kongo

Saa sita ilikuwa imepita, na Hajati Hamidah alikuwa anaendesha pole pole kama mutu anaenda kununua chumvi Katwe. Nyuma kwa gari kulikuwa watu watatu. Muzee mwenye safari, Mwalimu Anselme, alikuwa ameshika fimbo yake ya ubao katikati ya magoti, anaangalia inje. Binti yake Sophie alikuwa anafuta macho na kitenge. Mutoto wa Sophie, Bénit, ndiye peke yake alikuwa na furaha, sababu ameona tembo.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tatu mwezi wa tisa, na ndiyo safari ya mwisho ya Hajati. Tarehe thelathini anastaafu. Miaka ishirini na mbili amepeleka wageni kwa munara ya Ikweta, pale karibu na Kikorongo. Haji Zubairi, mwenye kampuni, alisema mimi, jina yangu Kule, ndio nitoe maneno ya hii karatasi ya sherehe, sababu mimi ndio ninabaki na gari ya Hajati. Kusimama mbele ya watu niongee, hapana. Sasa Habibah wa ofisi anapiga kwa kompyuta, mimi nasema kidogo kidogo. Nimemuomba asiongeze yake.

Ile siku tulikuwa tunakimbiza kivuli. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, jua inapita juu ya Ikweta sawasawa, na saa sita ya mchana inakaa kwa utosi kabisa. Ukisimamisha fimbo pale, haiko na kivuli. Inapotea. Mwalimu Anselme alifundisha hii kitu kule Beni maisha yake yote, anachora na chaki, watoto wanaitikia, na yeye mwenyewe hajaiona hata siku moja. Mustari inapita hata kwao, chini ya Butembo, lakini ile barabara siku hizi haiendeki. Vita ilimuleta Bwera, huku Uganda karibu na mupaka, na binti yake na mujukuu, wakauza sabuni na vitenge pale soko. Halafu karatasi zao za Kanada zikatoka. Ndege ilikuwa wiki hiyo hiyo.

Mwalimu alisema asubuhi, kabla tutoke: "Kwenye ninaenda, kivuli haiishi. Iko inakufuata mwaka muzima. Kama siioni leo, basi nilikuwa nadanganya batoto ya bantu."

Sasa muelewe. Ilikuwa leo ama hapana tena.

Nirudi kwa Hajati kidogo. Yeye hakuanza kama mutu wa wageni. Alikuwa anaendesha pikapu ya samaki kutoka Kahendero, anashusha Kasese, anarudi. Siku moja dereva wa Haji Zubairi aliugua malaria, na wageni beko wamesimama kwa yadi na kofia zao. Haji akamuona Hajati anapita na pikapu tupu. Akamuita: "Mama wa samaki, unajua njia ya Kikorongo?" Yeye akajibu: "Haji, hiyo njia inanijua mimi." Wakapanda. Wale wageni walinuka samaki ya ngege mpaka jioni, lakini waliandika kwamba wakirudi wanataka mama yule yule. Haji hakumuachilia tena.

Kazi yake iko na namna yake. Hajati havushi mutu mustari kwa gari, kama ni mara yake ya kwanza. Anazima gari mbele, anasema mushuke, mutembee. Anasema gari inakuibia: unalala huku, unaamka kule, haujaona. Mutu atembee na miguu yake mpaka kwa ile mviringo mbili nyeupe ya simenti, moja upande huu wa barabara, moja upande ule, na avuke anajua anavuka. Kuna arusi moja ya Butembo ilikuja kupiga picha. Bibi arusi alisimama upande wa kaskazini, bwana arusi upande wa kusini, na hakuna mwenye alitaka kuvuka kwenda kwa mwenzake. Wazee wakaanza kubishana mutu wa kwanza ni nani. Hajati akamuambia bwana arusi: "Baba, vuka. Leo ni hatua moja. Kesho itakuwa mlima." Akavuka. Beko na watoto wane sasa, na kila mwaka wanamutumia kahawa.

Na Hajati anavaa saa mbili. Wageni wengi wanafikiri ni maringo. Mukono ya kushoto ni saa ya Uganda, mukono ya kuume ni saa ya Kongo, yenye iko nyuma kwa saa moja. Watu wa huku munaelewa. Ukivuka daraja ya Mpondwe kuingia Kongo unarudishiwa saa moja, ukirudi wanakunyang'anya. Kwa hiyo mutu akisema tukutane saa tatu, Hajati anauliza neno moja tu: "Ya wapi?" Sisi madereva wote alitufundisha hivyo. Kabla ya bei, kabla ya jina, uliza saa ya wapi.

Safari ya Mwalimu, Haji Zubairi ndiye alipokea simu. Haji hakuuliza.

Tulifika Bwera saa nne, vile walipatana kwa simu. Mulango imefungwa. Tukapiga hodi, Sophie akatoka na mswaki kwa mudomo.

"Hajati, mumekuja mapema."

"Mapema ya nani, mama?"

Sophie akaleta simu yake. Simu inaonyesha saa tatu. Pale Bwera simu inaweza kuvuta hewa ya mutandao ya ng'ambo, kutoka Kasindi, na ikivuta hewa ya Kongo inajigeuza yenyewe saa ya Kongo, haiulizi mutu. Alikuwa amelala Uganda, simu yake imelala Kongo. Mwalimu alikuwa amevaa tayari, koti na tai, amekaa kwa kitanda, lakini mutoto hajaoga na chai iko jikoni. Mpaka tumetoka, saa tano.

"Papa, ni simu," Sophie alisema kwa gari.

"Simu haina kosa. Ni wewe uliinunua," Mwalimu akasema, lakini kwa upole.

Halafu tembo. Mama tembo na watoto yake walisimama kwa lami mbele ya Kikorongo kama beko kwa mukutano. Mimi nilikuwa kwa kiti ya mbele. Hajati akazima gari, akashusha kioo nusu, akasema: "Hawa hawana saa. Tungoje."

Tukangoja. Saa sita ikafika tukiwa pale. Niliiona kwa mukono yake ya kushoto, sindano mbili zimepandana. Nyuma Sophie naye aliona kwa redio ya gari. Ndipo alianza kulia bila sauti. Mwalimu aligeuza tu ile fimbo, mara moja, kwa vidole.

Nilitaka niseme Hajati, washa, piga honi. Nilimuangalia tu, na niliona yeye haangalii mukono ya kushoto. Anaangalia ya kuume. Na hana haraka. Nilifikiri labda amechoka, siku ya mwisho, amekubali kushindwa. Hiyo iliniuma sana.

Tembo wakaondoka. Tukafika kwa munara. Hajati akazima mbele kama kawaida yake.

"Mushuke, mutembee."

"Hajati, imekwisha," Sophie akasema. "Tupige photo tu, turudi."

"Photo itakuja. Mwalimu, miguu."

Mwalimu akashuka. Akatembea polepole na tai yake, mutoto anamushika koti, mpaka katikati ya ile mustari kwa majani, karibu na mviringo. Hajati akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Simamisha fimbo, Mwalimu."

"Mama, saa sita imepita. Kufundisha nilifundisha. Kuona, Mungu hakutaka."

"Simamisha tu."

Akamupa Bénit ashike fimbo wima. Kivuli ikaanguka kwa majani, fupi kama kidole. Sisi wote tukaiangalia. Mimi sikuelewa kitu. Mutoto ndiye alimuambia babu yake:

"Koko, inaangalia nyumbani."

Kweli. Kivuli ilikuwa imelala upande wa Bwera, upande wa Kongo. Mwalimu akainama. Akakaa hivyo, mukono kwa goti, mudomo wazi. Halafu akageuka anamuangalia Hajati, na sauti yake ilikuwa ya mutu wa darasa sasa:

"Kama jua imepita, kivuli ingelala mashariki, upande ya Kampala. Hii iko bado upande yetu. Saa sita haiyafika."

Hajati akatoa mikono nyuma. Akainua ya kuume. Saa ya Kongo ilikuwa inakaribia saa sita, imebaki kidogo.

Mwalimu akaanza kucheka, ile kucheka inatoka kwa tumbo mpaka koti inatingika. "Jua ni Mukongomani," akasema. "Sophie, umesikia? Serikali ya huku iko na saa yake, lakini jua ni ya kwetu."

"Na haijapiga hata muhuri pale mupaka," Hajati akajibu.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na umeacha binti yangu alie barabara yote?"

"Mwalimu, ningekuambia kwa gari, ungeiona na masikio. Ulikuja kuiona na macho."

Sophie alimuambia maneno moja ya Kinande yenye siwezi kusema kwa sherehe. Hajati akacheka tu. Ndiyo kawaida yake nyingine. Hasemi mbele. Munara, simba, kivuli, yeye anafunga mudomo mpaka mugeni mwenyewe aseme.

Lakini kuna kitu Hajati hakuijua, na ilitoka nyuma yetu. Mawingu ilishuka kutoka Rwenzori, nzito, nyeusi kwa tumbo. Nilimuona anaiona. Hapo sasa uso yake ilibadilika, mara ya kwanza siku hiyo. Saa alikuwa nayo mbili, lakini mawingu haivaliwi kwa mukono. Jua ikazima. Kivuli ya fimbo, ya watu, ya munara, yote ikaenda pamoja. Bénit akapiga makofi akifikiri ndiyo hiyo.

"Hapana, mutoto," Mwalimu akasema. "Hii ni ya kila siku. Shika fimbo."

Tulisimama. Vijana wa pale wenye wanaonyesha wageni vile maji inazunguka kwa beseni waliacha beseni zao wakakuja kuangalia, na mama mwenye anauza picha na kofia naye akakuja. Hajati alikuwa anatembeza midomo, nafikiri anaomba dua. Mwalimu alikuwa ameangalia chini pale pale kwa mguu wa fimbo, hajainua kichwa juu hata kidogo. Mutoto mukono ilianza kuchoka, na Sophie akapiga magoti, akashika fimbo pamoja naye.

Halafu nilisikia joto kwa shingo.

Mawingu ilipasuka mahali padogo, kama mutu amefungua dirisha kwa vidole viwili. Mwangaza ikaanguka kwa majani. Fimbo ilikuwa imesimama. Chini yake hakuna kitu. Majani tu, kijani, safi, pande zote. Sophie alikuwa na kivuli ya kichwa kwa magoti yake. Bénit alikuwa amekanyaga kivuli yake yote. Mwalimu Anselme alizunguka fimbo, akazunguka tena, anatafuta. Hakuipata.

Alivua koti. Akasimama wima kwa mustari, mikono kwa mapaja, kama mwanafunzi.

"Bénit, niko na kivuli?"

"Hauna, koko. Imekutoroka."

"Aksanti," Mwalimu akasema. Sijui alikuwa anaambia nani.

Ilikuwa muda mufupi tu. Baadaye kamustari keusi kakatoka chini ya fimbo, upande wa Kampala sasa, kembamba sana, na mawingu ikafunga tena, na mvua ikatupiga mpaka kwa gari. Tulirudi Bwera tumelowa, tunaimba. Hajati aliimba pia, wimbo wa kanisa yao, yeye Muislamu, na maneno aliyajua yote. Mwalimu alipanda ndege ile wiki. Fimbo aliiacha kwa ofisi yetu. Iko pale kwa kona nyuma ya Habibah, mutu asiitumie kufukuza mbuzi.

Sasa shukrani. Hajati, madereva wote wa yadi tunakushukuru, Haji Zubairi anakushukuru hata kama unachekesha watu mbele yake, na wale vijana wa beseni wamesema watakukumbuka sababu wewe peke yako haukuwaharibia biashara kwa kusema siri ya ile maji. Ulinifundisha mimi, mutu wa darasa la tatu, na haukuniuliza hata siku moja nilifika wapi. Ulisema macho iko, inatosha. Tunakuombea asubuhi yako ikuwe ndefu na jioni yako ikuwe ndefu, na jua ikusimamie juu bila kukuchoma.

Ningesema nyingine lakini lazima niende. Hajati iko hapo inje. Leo, mbele ya sherehe, ameomba safari ya kwenda kwa munara kama mugeni, na dada yake Hasifa, wanakaa kiti ya nyuma. Saa yake ya kuume amenivisha mimi jana. Alisema tutoke saa nne, na mimi kwa haya sikuuliza ya wapi; kwa hii ya mukono yangu ndiyo inafika saa nne. Sasa amepitisha mukono katikati ya viti anapiga honi, na anasema kwa sauti yadi yote isikie kwamba dereva mupya amechelewa saa moja. Habibah, acha hapo.