Nani Amefunga Mvua ya Novemba?

Benchi letu liko nyuma ya soko la samaki, karibu na reli. Miguu yake mitatu ni ya mti, wa nne ni matofali mawili. Kahawa ni ya Mama Odile, dada mkubwa wa mama yangu, na mimi ndiye ninayemimina tangu masomo yangu yaliposimama. Asubuhi ninayoieleza, Novemba ilikuwa inaelekea kwisha na Kalemie ilikuwa haijaona tone la mvua. Upepo wa ziwa ulikuwa mororo, jua lilikuwa na adabu, na wanafunzi walipita na viatu visivyo na tope. Mtu asiye na shamba angemshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini Mama Viviane, mteja wetu wa kila siku, ana shamba ng'ambo ya mto Lukuga. Mbegu yake yote ya mahindi aliipanda kwenye udongo mkavu, akitegemea mvua ya kila mwaka, na sasa panya na ndege walikuwa wanaifukua. Hakuwa na mbegu nyingine. Ndipo redio ikatangaza kwamba hali hii ni rekodi, na benchi likawaka moto wa ubishi.

Aliyeanza ni Papa Kalala. Tunamwita Meteo kwa sababu ameweka kopo la maziwa juu ya ukuta wake ili kupima mvua.

— Niliwaambia! Tangu wazungu waanze kupima mvua hapa, hakuna Novemba kavu na tulivu sawa hii. Rekodi! Hata kopo langu linashuhudia.

— Kopo lako kuku njo wanakunywa ndani, alisema Mama Viviane.

— Kuku wanakunywa wakati kuna maji. Sasa hata kuku wameacha kupanda. Hiyo si sayansi?

Papa Lambert alikohoa. Huyu tunamwita Avoka, yaani wakili. Hakusomea sheria, lakini aliwahi kukaa siku nzima tribinali akingoja shemeji yake, na tangu siku hiyo anatuhukumu sote.

— Ngoja kwanza. Rekodi haijipigi. Kwenye mupira, muntu anapiga rekodi, jina lake linaandikwa. Hii ya mvua, kapiga nani?

— Mungu, nilisema, nikimwongezea kahawa.

— Mungu hashindani na muntu, mutoto wangu. Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bon. Guu la nani limevunjika? La mvua! Na ni nani alilivunja?



— Ni watu wa Kigoma, alisema Meteo. Mawingu yanatoka kwetu yakiwa mazima, yanavuka ziwa, kule wanayakamata. Wenzetu wana bandari nzuri, watashindwa kupokea wingu?

— Mawingu yanatoka huku au kule? aliuliza Avoka.

— Inategemea siku.

— Aka! alisema Avoka. Mimi nasema ni ziwa lenyewe. Miaka ile limepanda, likaingia kwenye nyumba za watu, likalala mpaka chini ya vitanda. Sasa limeshiba. Muntu aliyeshiba anatoa jasho? Hatoi. Na bila jasho la ziwa, wingu linatoka wapi? Samaki mkunje angali mbichi!

— Hiyo methali imeingia wapi hapo, Papa Lambert? nilimuuliza.

— Imeingia penye ziwa. Ziwa lina samaki.

Mama Viviane hakucheka. Aliweka kikombe chake chini polepole, akageukia ncha ya benchi alikokaa Papa Théophile. Tunamwita Baba-Mkwe. Tangu familia ya kijana aitwaye Jeancy ilipokuja kubisha hodi kumposa Ornella, binti yake, hakuna habari asiyoianza na "mimi kama baba-mkwe". Asubuhi hiyo alikuwa hajasema neno, na kwake kimya ni ugonjwa.

— Papa Théophile, wewe unasemaje juu ya mvua?

— Mimi? Mimi kama baba-mkwe sina neno. Hali ya hewa ni nzuri. Tufurahi tu.

— Nyuma ya jiko lako kuna chungu kimepinduliwa. Nilikiona jana nilipokuja kuomba moto. Mke wako alinipigia kelele nisikiguse, nikajua.

Meteo aliruka kama aliyekalia siafu.

— Chungu? Chini yake kuna nini?

Papa Théophile alijifuta uso. Halikuwapo jasho la kufuta, hali ya hewa ilikuwa nzuri mno.

— Ni mambo ya harusi, alisema.

Hapa kwetu mambo hayo hayafichwi sana. Mwenye harusi ya nje, kwenye uwanja, anamtafuta mzee anayejua kufunga mvua. Mzee anafunga fundo la majani, analifunika kwa chungu, na mvua inakaa mbali mpaka wageni wamekula. Kesho yake chungu kinainuliwa. Kinakaa siku moja, au mbili kama wakwe wanapenda kucheza. Sijawahi kusikia kilichokaa mwezi.

— Mlimleta nani? Avoka aliuliza kwa sauti ya tribinali.

— Muzee Symphorien, alishuka kutoka Pepa, kule milimani kwa wafugaji.

— Wa Pepa! Meteo alishika kichwa. Wale wamezoea kufunga ng'ombe. Kamba yao haifunguki! Rekodi njo hii! Redio inasumbuka na mambo ya upepo, kumbe rekodi iko nyuma ya jiko la Théophile!

— Basi jina liandikwe, alisema Avoka. Tumepata mwenye rekodi.

Hata Papa Théophile alitabasamu kidogo, akanyoosha kola yake. Nadhani kwa dakika moja alijiona mkubwa kuliko wazungu wote waliowahi kupima mvua.

Lakini Mama Viviane alikuwa amesimama, anakaza kitenge chake kiunoni.

— Cheka, Papa Théophile. Panya wanakula watoto wangu chini ya ardhi, wewe unanyoosha kola. Mimi naenda kuinua chungu.

— Mama Viviane, usifanye vile! alisema Papa Théophile.

— Nani atanizuia?

— Ukikiinua, mvua yote ya mwezi itashuka kwa mara moja! alisema Meteo. Mji utaingia ziwani na sisi tutakuwa samaki!

— Haraka haraka haina baraka, aliongeza Avoka. Maana yake, mvua ikija haraka haina baraka, ikichelewa pia haina, kwa hiyo kaa chini.

Wakati huohuo alifika kijana mmoja mwenye beseni la samaki wabichi kichwani, amelowa maji ya samaki mpaka mabegani. Alijitambulisha kwamba anaitwa Rubens, ameshuka kwenye mtumbwi wa injini kutoka mji wa Baraka, na wamemwambia sokoni kwamba kwenye benchi hili kuna papa mwenye harusi kubwa.

— Hodi wapapa, hodi mama. Ninatafuta wa harusi. Samaki wangu ni wa alfajiri.

— Ni yule, alisema Avoka. Mwenye rekodi.

Kijana hakuelewa, lakini alimsalimu Papa Théophile kwa mikono miwili, na Mama Viviane akamweleza yote bila kupumua: chungu, mzee wa Pepa, panya. Halafu akamgeukia tena Papa Théophile.

— Uwanja ule wa harusi una turubai, mimi mwenyewe nililiona. Kama kuna turubai, mvua ya harusi inakusumbua nini?

Papa Théophile aliinama. Alipojibu, alizungumza na viatu vyake.

— Si kwa ajili ya uwanja. Ni kwa ajili ya barabara.

— Barabara gani?

— Ya Manono. Jeancy yuko kule kwenye machimbo. Mwaka uliopita alisema atakuja kumaliza mambo ya ukwe, mvua ikanyesha, malori yakakwama, akatuma habari kwamba tope limemzuia. Pasaka tena, tope. Nikasema safari hii hapana. Safari hii barabara itakuwa kavu, nione tope gani litamzuia mukwe wangu. Binti yangu ameshona nguo. Anaipiga pasi kila Jumamosi.

Rubens alikuwa bado amesimama na beseni lake. Alikuwa mgeni, hakujua kwamba kuna vitu haviulizwi, akauliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza njia ya posta:

— Barabara si imekauka mwezi mzima, papa? Sasa ni nini kinamuzuia?

Meteo alitazama juu, wingu halikuwapo. Avoka alifungua mdomo kutafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kumimina kahawa pale, hakuipata. Nilinyanyua thermos ili nifanye kitu na mikono yangu. Ilikuwa tupu.

Papa Théophile ndiye aliyesema mwishowe.

— Mama Viviane, nenda. Kiinue. Mwambie mke wangu ni mimi niliyekutuma.

Sote tulimtazama Mama Viviane. Kitenge kilikuwa kimekazwa, njia ilikuwa wazi, na shamba lake lilikuwa linamngoja ng'ambo ya Lukuga. Alipiga hatua moja. Halafu akarudi, akakaa, na benchi likalia.

— Malori ya Manono yanafika siku gani? alimuuliza Meteo.

— Ni moja tu, Jumapili, kama halijaharibika.

— Basi kikae mpaka Jumapili.

— Na mahindi? Avoka aliuliza, safari hii bila sauti ya tribinali.

— Panya wakimaliza, nitatafuta miti ya muhogo kwa dada yangu. Muhogo unavumilia vumbi. Lakini Jumatatu asubuhi, Papa Théophile, Jeancy awe amekuja au hajaja, mimi na wewe tunakiinua pamoja. Na Ornella awepo. Asiambiwe na majirani.

Papa Théophile aliitikia kwa kichwa.

— Na mimi? Rubens aliuliza, akishusha beseni. Samaki hawa hawafiki Jumapili, mama.

Mama Viviane aliwapindua pindua kwa kidole, akiwatazama macho na mashavu.

— Wapasue, uwaanike pale mchangani, mutoto wangu. Jua bado ni letu siku chache.