Pale Stima Ilipopotea

Keti karibu, Becky. Na wewe Jamleck, toka hapo mlangoni, leo huna zamu ya kukimbilia mtamboni Olkaria. Nisikilizeni wanangu mkiwa kwa chumba kimoja, maana tangu tumzike mama yenu hamjakaa hivi, na kisa ni kanda yangu ya muziki.

Nianze na mali, iishe. Nyumba hii ya Free Area ni ya Becky, aliyeniuguza. Shamba la Olenguruone ni lako Jamleck, pamoja na ng'ombe, lakini maziwa ya nyumba hii yatoke huko. Tarumbeta mpeni Okeyo, aliyenipigia gita miaka yote. Hajui kuipuliza, ila ataitunza.

Sasa kanda. Watu walisema okestra yetu ilipiga muziki wa kusikizwa na watu wanaotafuna, na si uongo, tulipiga taratibu wao wakila. Jumapili ile tuliporekodi albamu mbele ya watu, ukumbi wetu hapa Nakuru ulikuwa umejaa, mvua inanyesha, na katikati ya wimbo wa mwisho stima ikapotea. Gita la Okeyo likafa, maiki za waimbaji zikafa, nao wakanyamaza. Mashine ya kurekodi ilikuwa ya betri, ikaendelea kuzunguka. Kwa kanda mnasikia mvua kwa mabati, mtu anakohoa, sahani inawekwa mezani. Kisha kule nyuma msichana aliyekuwa akigawa pilau anaushika wimbo pale tulipouacha, peke yake, sauti inatetemeka lakini haiachi, mpaka meza moja ikamwitikia, halafu ukumbi mzima, nami nikapuliza tarumbeta nikimfuata.

Msichana huyo ni Wangare. Mama yenu. Sikuwa nimewahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Usilie, Becky. Aliona haya kwa sauti yake, akaniapisha nisimwambie mtu mpaka nami niwe naondoka, na nimemtii hata nilipowaona mkikosana. Jamleck, wale watu wako wa kuitoa albamu upya wanataka sehemu hiyo ikatwe, wanasema ni kelele, na wewe ukakubali bila nia mbaya. Becky ukakataa, nawe hukujua unachokikinga. Mwaka mzima hampigiani simu kwa ajili ya sauti ya mama yenu wenyewe, na mimi nimelala hapa naumia, nimefungwa mdomo na marehemu.

Isikatwe. Wakikataa, albamu ibaki kwa sanduku.

Siku ya kunizika, msinikodishie kwaya. Wekeni albamu hiyo icheze watu wakila, kama zamani. Ikifika pale gita la Okeyo linapokufa, zimeni mashine. Wangare atakuwa nami huko, msimsumbue kuimba tena. Hapo mtaimba nyinyi, Becky akianza na Jamleck akiitikia, hata kama mtatetemeka.

Mungu awakumbuke mkiwa mbali mbali. Awape shibe na watoto wa kuwachosha. Na siku mmoja wenu akiita, mwingine asikie. Hiyo ndiyo... ndiyo baraka niliyo nayo, sina nyingine.

Maji... hapana, acha maji. Becky, mama, anza huo wimbo. Polepole. Nataka niusikie mara moja na mimi...

Ehe. Hivyo hivyo.

Jamleck... mbona umenyamaza. Mwitikie dada yako.