Bodi la Pikapu ya Breki

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kuziba pancha, na aliyelitengeneza hakuwafikiria watu wanene. Tunaenea watatu, wa nne, yaani mimi, hukalia tairi. Jioni hiyo kahawa ilikuwa ya moto na hoja ilikuwa moja tu. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa ameng'oa bodi la nyuma la pikapu yake, lililoliwa na kutu. Alitaka kuweka bodi bapa lisilo na kingo, ili juu yake kikae kijumba cha mbao alichokwisha kukitengeneza, chenye kitanda, dirisha na jiko la gesi. Binti yake amejifungua, mbali huko, na mkewe tangu apasuliwe mgongo hawezi kukaa kwenye basi safari nzima. Kwenye kijumba, kila wakisimama njiani, mama angepanda ajinyooshe. Fundi wa bodi alikuwa anangoja neno moja kabla hajafunga karakana: chuma au alumini? Mtu mwenye akili zake angejiamulia mwenyewe. Breki alituletea sisi.

— Chuma, alisema Spana, ambaye hufungua pikipiki za watu na kuzifunga, na kila mara nati chache hubaki mkononi. Alumini ni sufuria. Unataka kumsafirisha shemeji au kumpika?

— Chuma kizito, alisema Friji. Yeye hutengeneza majokofu, kwa hiyo kila chenye bati anajiona ndiye mwenyewe. Pikapu si lori. Piga hesabu ya kijumba, maji, mtungi wa gesi, na wao wawili. Ukiongeza chuma chini, springi zitalala kabla shemeji hajalala. Alumini nyepesi, halafu haishiki kutu.

— Haishiki kutu, lakini inapasuka! Chuma kikipinda unakigonga nyundo hukohuko porini, safari inaendelea. Alumini nani atakuchomea? Mafundi wake ni wa kutafuta kwa tochi.

— Unaipa mbavu za kuikaza chini, zikaribiane, alisema Friji. Na pale inapokalia fremu ya gari unaweka mpira. Alumini na chuma vikigusana, maji yakiingia, vinalana.

Breki alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo tungenyamaza tukanywa kahawa yetu. Lakini wenzangu hawa wakishaanza, kuwanyamazisha ni kazi.

— Wepesi ndio ubaya wenyewe, alisema Spana. Upepo wa ubavuni ukiikuta kwenye mteremko, gari linainuka. Nimeona kwa macho yangu gari linaelea.

— Linaelea wapi? aliuliza Breki.

— Juu ya lami. Kidogo tu, kama kiganja.

— Lilikuwa na bodi la alumini?

— Lilikuwa limebeba magodoro. Lakini wepesi ni wepesi.

Friji alimtazama kwa huruma.

— Upepo si kitu. Hatari ya alumini ni redio. Bati pana kama lile linanasa mawimbi. Ukililalia usiku, stesheni zinaingia kichwani. Kuna bwana mmoja aliamka anajua bei ya mahindi ya mji ambao hajawahi kufika.

— Kumbe na wewe unataka chuma!

— Sitaki. Nasema shemeji atapata habari bure.

— Hizo habari atazipata akiwa chini, alisema Spana. Wezi wa alumini siku hizi hawavunji kufuli. Mnalala, wanalikata bodi chini yenu taratibu. Asubuhi mnaamka kijumba kimekalia mawe, na sokoni sufuria mpya zimejaa tele.

Breki alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kisha akaitazama simu yake, kicheko kikakatika.

— Mimi naogopa kumchelewesha mama, alisema. Mtoto ataanza kutembea, bibi yake hajambeba. Kila jioni ananiuliza bodi limefikia wapi, nami namwambia kesho. Basi, iwe alumini. Pana, linapita juu ya matairi, limenyooka kama meza. Mzigo wote unatulia.

Tulimpongeza kama tuliolipa sisi. Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja na baiskeli yake, anangoja pancha izibwe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahani, baba. Bodi likipita juu ya matairi, mlango wa kijumba utakuwa juu kiasi gani?

Breki aliweka kiganja kifuani kumwonyesha kimo.

— Na mama atapandaje? aliuliza dada.

Friji akajimiminia kahawa nyingine.

— Kwenye lori, alianza Breki, mzigo unapakiwa na makuli...

Tulikuwa tumempima mama wa watu kwa uzito, pamoja na mtungi wa gesi, tukasahau kuwa ana miguu.

— Mnamnyanyua, alijaribu Friji. Mmoja huku, mmoja huku.

— Kila akitaka kujinyoosha? aliuliza yule dada, kwa upole.

Breki alipiga simu nyumbani.

— Mama, ukiinua mguu, unafika wapi?

Sauti ya mkewe ilitufikia sote.

— Leo hata kizingiti sikivuki bila kushika ukuta. Nilikuwa najiuliza utaniuliza lini. Njoo upime.

Aliinuka bila kuaga. Uso ulikuwa umemshuka, nami nilimhurumia kwa dhati. Alikuwa ameshavuka barabara Spana alipompigia kelele:

— Fundi anafunga! Nimwambie chuma au alumini?

— Mwambie aanze na ngazi!