Uzi wa Nyumba Sita

Kwenye boti ya mfereji iendayo Manchester, mzee Jethro, mfumaji wa nyumbani, alimgeukia binti aliyekaa karibu naye, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Viwanda hivi mmevileta nyinyi vijana na mvuke wenu."

"Mvuke tumeukuta, mzee wangu," binti akapayuka, kama tunavyopayuka sote tunaofanya kazi kwenye mashine za kiwandani. "Si nyinyi wafumaji mliolilia uzi?"

Mzee akakubali, jambo ambalo sikulitarajia. "Kweli. Mfumaji mmoja alimaliza uzi wa wasokotaji sita. Kila asubuhi nilizunguka nyumba sita kuomba uzi. Huku napewa uji, kule natukanwa. Nyumba ya nne ndiko nilikooa. Ilipokuja mashine ya kusokota nilishangilia. Uzi tele, kuzunguka basi!"

"Sasa unalalamika nini?"

"Mke wangu amekufa. Na sina tena sababu ya kubisha mlango wa mtu."

"Afadhali wewe una kimya. Sisi kiwandani tuko mia mbili, na kwa zile kelele tunasemeshana kwa midomo tu, bila sauti."

"Ndiyo maana nasema, huo mvuke wenu..." Farasi aliyeivuta boti yetu kwa kamba kutoka ukingoni akasimama. Gati la mzee lilikuwa chini ya ukuta wa kiwanda, na mashine zilinguruma. Mzee akashuka, akageuka kuaga.

Binti akamjibu kwa mazoea ya kazini, midomo tu. Mzee alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Mimi niliisoma ile midomo: "Njoo kwetu Jumapili, mzee. Wewe bisha tu."