Salamu za Ballyfarna, Sisi Tuliokaa Chini ya Mnara wa Redio Kestrel

Mgeni rasmi, Bwana Declan Prunty, ambaye hewani ulijiita Rocky Valentine na sisi tukanyamaza kwa adabu, Baba Paroko, wakazi wenzangu, pamoja na nyinyi mliosogeza viti karibu na keki za tufaha mkidhani hatuwaoni:

KARIBU NYUMBANI

Sisi wakazi wa Ballyfarna, hapa wilayani Meath, jirani na Dublin, tunakukaribisha katika ukumbi wa parokia kwa furaha kubwa mno. Nimeteuliwa kusoma mimi, Bríd Halpin, mwenye duka la njia panda, kwa sababu, alivyosema mwenyekiti, "Bríd, wewe una sauti ya kurudisha ng'ombe zizini." Asante sana, mwenyekiti. Mgeni rasmi, zile soseji ulizokuwa ukinunua kwangu kila asubuhi ziko pale mezani. Umenenepa, na tumefurahi kuona maisha hayakukutupa.

TULIKOTOKA

Redio Kestrel ilipokuja, ilisimamisha mnara katikati ya malisho yetu, mrefu kuliko kitu chochote tulichowahi kukiona. Mawimbi yake marefu yalivuka bahari yakaifunika Uingereza nzima, maana huko ndiko walikokuwa wenye matangazo ya biashara. Sisi tulikuwa majirani tu.

Lakini majirani gani! Wengine hata redio hatukuhitaji. Uzio wa umeme wa ng'ombe uliimba. Mfereji wa bati kwenye paa la shule uliimba. Ukimpigia daktari simu, unasubiri kwanza kiitikio kiishe ndipo umwambie kinachokuuma. Na misa ile ya Pasaka, paroko wa wakati huo aliinua mikono, kipaza sauti kikatoa disko, akatutazama akasema, "Haya, wanaojua kucheza wacheze, tumalize." Tulicheka hadi machozi yakatutoka, na sadaka siku hiyo ilijaa.

MAFANIKIO

Kwanza, maziwa. Mlikuwa na nyimbo chache, mkizirudia mchana kutwa, na ng'ombe wetu wakazizoea. Ukiwakamua bila muziki, wanakugeuzia shingo kama umewatukana. Pia tulicheza. Jumamosi jioni magari yalisimama mbele ya duka langu, milango wazi, redio zote kwenye stesheni moja, na barabara ikawa ukumbi wa dansi. Basi la kwenda mjini Trim lilingoja. Dereva naye alishuka akacheza.

Jamani, tulikuwa na raha! Sioni haya kusema. Watu wa Dublin walikuwa na taa za barabarani, sisi tulikuwa na Kestrel.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa utuvumilie.

Kadi za salamu zilizotoka Ballyfarna hazikusomwa. Redio ilitaka wasikilizaji wa Uingereza, basi. Sisi tukafanyaje? Tukawa Waingereza, hadi majina. Kila familia hapa ina ndugu kule, kwa hiyo kadi iliandikwa hapa, ikatumwa kwa ndugu, naye akaitia posta ya kwao. Jioni moja ulisoma salamu za Leeds, za Derby na za Bristol, na wenyewe wote watatu walikuwa kwenye foleni dukani kwangu wakinunua siagi. Hatukulaumu. Hata wewe uliagizwa ujifanye uko London. Ulitangaza jua kali, kisha ukaja kwangu umelowa chapachapa.

Sasa, kuna jirani yetu Fintan Gilsenan, mwenye shamba lililokuwa limepakana na mnara. Fintan ni mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili anawapa ng'ombe. Kumbe naye alituma kadi, kupitia kwa dada yake. Uliisoma wewe, mgeni rasmi, kwa sauti yako ya asali: "Frank wa Coventry anamuuliza Bridget, je, utakubali kuolewa nami? Kama ni ndiyo, usiku wa leo acha taa ya mlangoni ikiwaka."

Mimi niliisikia nikiwa nafunga duka. Nilisema, peke yangu, "Ee Mungu, heri yake Bridget wa Coventry." Kisha nikazima taa ya mlangoni kama kila siku, nikaenda kulala.

Fintan alipita na trekta, akaona giza. Akarudi kwao. Hakusema neno, mimi sikuolewa, yeye hakuoa. Stesheni ikafungwa, bado ananunua mkate kwangu na kunisalimu kwa kidole kimoja.

Mwaka huu mwezi wa tatu walipouangusha mnara, tulisimama wote uzioni kutazama. Ulipolala chini, Fintan akavua kofia.

"Bríd," akasema, "yule wa Coventry nilikuwa mimi."

"Wewe! Coventry umeenda lini?"

"Sijaenda."

"Na Bridget je?"

"Bríd kwa Kiingereza ni Bridget. Unamjua mwingine mwenye taa mlangoni?"

Nikamwambia, "Fintan Gilsenan, wewe ni punda." Akajibu, "Najua," akavaa kofia, akaenda kukamua. Nililia nikiwa nacheka, na tangu siku hiyo hajapata jibu, maana akiniona anakimbilia trekta.

MAOMBI

Tunaomba uje kila mwaka. Pia tunaomba, kwa kuwa tumepewa kibali cha kurusha matangazo leo tu, ukikaa kwenye kipaza sauti saa tisa utusomee salamu zetu kwa majina yetu halisi na anwani zetu halisi.

Na yangu uisome ya kwanza. Fintan yuko nje anaongoza magari, redio ya trekta imewashwa, hajui kitu. Nyinyi mnaonong'ona huko nyuma, atakayetoka kumwambia hataonja keki. Mgeni rasmi, soma hivi, taratibu, usiipambe: "Bríd Halpin wa Ballyfarna anamjibu Fintan Gilsenan wa Ballyfarna. Ndiyo. Zima trekta uingie ndani."

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, awabariki wote waliowahi kucheza barabarani, na awape afya njema ng'ombe wetu.

Ni sisi, Wakazi wa Chini ya Mnara, Ballyfarna.

Msomaji wenu, Bríd Halpin, kwa jina la sasa.